Manjano Imekatika

Mwalimu Rukiya Shee aliniletea flashi
saa nne asubuhi, Kibokoni, umeme umerudi punde.
"Picha tisa," akasema, "kubwa, za ukutani.
Wasichana wangu wa darasa la saba
wamechoka kuchora jua lenye miguu."

Nikaanza na Jua. Likaninywea wino wa manjano
kama mgeni wa futari asiyejua kusaza.
Miaka yote nililidhani sahani, basi.
Kumbe vyombo vilivyotumwa kulichungulia
vimeona ngozi inayotokota, punje punje,
uji jikoni, na kila punje yatosha nchi nzima.
Halina ardhi. Kiunoni lazunguka upesi,
kwenye ncha lajikokota:
mwili mmoja, usioafikiana siku ni saa ngapi.
Na yale madoa meusi nikayaona kosa la mashine.
Nikasafisha kichwa cha printa mara mbili.
Yakarudi palepale.

Kisha Zuhura.
Mamangu aliitwa Zuhura. Babu alimpa jina
la ile nyota iwahiyo wenzake baada ya magharibi,
upande wa Changamwe, juu ya matangi ya mafuta.
Sasa nasoma maelezo chini ya picha:
mawingu ya tindikali, joto la kuyeyusha risasi,
vyombo vilivyotua viliishi saa mbili hivi, vikanyamaza.
Na sura hii ya ardhi yake haikupigwa kwa mwanga,
mwanga haupenyi. Ilipigwa kwa rada,
sauti kwenda, mwangwi kurudi, mstari kwa mstari.
Nikacheka peke yangu dukani.
Mama naye hakuonekana kwa kutazamwa.
Usoni mawingu meupe, salama salmini;
ilikubidi umrushie neno, ungoje litakalorudi,
na uwe mbali kidogo.

Mirihi ilitoka na jua linalotua samawati.
Nikampigia Mwalimu: "Rangi zimegeuka."
"Hazikugeuka. Kule mchana ndio mwekundu,
jua likizama ndipo buluu. Chapisha ilivyo."
Nikachapisha ilivyo.

Nne zilipita, sikuzishughulikia, wateja walikuwa wengi,
mmoja ataka cheti cha ndoa kilamineshwe.

Ya nane ni mwezi wa Mshtarii, Io jina lake,
wa rangi ya embe lililooza upande.
Sisi bamvua hutupandishia maji ngazi za Bandari ya Kale,
yakapwa, tukasahau.
Kule yajaayo na kupwa ni mawe.
Mshtarii waukanda mwezi ule kama unga wa chapati
hadi tumbo limeshika moto, nao watapika,
watapika, vyombo vikipita vyaona moshi wake angani.
Hapo ndipo manjano ikakatika.
Nusu ya Io ikatoka waridi, kama shali ya arusi.

Ya tisa haikuhitaji manjano.
Mwezi mdogo wa Zohali, mweupe pe, barafu tupu,
na kusini kwake nyufa nne zinazorusha manyunyu.
Chombo kilipita katikati ya manyunyu yale
kikayaonja. Chumvi.
Chini ya barafu kuna bahari.

Kazungu akaingia na mitungi miwili begani,
mifereji yetu imekauka tangu Jumatatu.
Akasimama mbele ya karatasi, jasho lamtiririka.
"Hayo ni maji?"
"Maji."
"Matamu?"
"Ya chumvi."
"Aa." Akatua mitungi. "Kama ya kisima cha Majengo.
Ya kufulia tu. Na ni mbali?"
"Miaka saba, kwenda."
Akapiga hesabu kimoyomoyo, nikamwona midomo.
"Mkokoteni hauendi," akasema.
"Yangu ni ya Mzima. Onja."

Akanyoosha mkono apokee shilingi zake,
tone likamdondoka kwenye wino mbichi, palepale kusini,
manyunyu yakatanuka.

Sikuichapisha upya, Mwalimu.
Io nitakurudishia nusu ya pesa.
Lakini hilo doa la chini, wakikuuliza wasichana,
si la kule.
Ni la Mzima.